Matumizi ya Ndani

Ruhimbika alikisukuma kiti cha plastiki mbele, akashika ukuta, akajivuta, akaketi. Akapumzika. Kisha akainuka nusu, akakisukuma tena. Kutoka kitandani hadi jikoni, ambako simu ilikuwa ikilia, ni hatua kumi na mbili kwa mtu mwenye miguu. Yeye alifika jasho likimtiririka, na simu ilikuwa imeshanyamaza.

Hii ilikuwa wiki ya sita. Kiti chake cha magurudumu cha umeme kilisimama dirishani, mkono wa kulia ukiwa na tundu, na nyaya zilizofungwa kwa utepe zikichungulia nje. Kijisanduku cha kuendeshea kilikuwa kimechomolewa na fundi wa kampuni ya viti, kikapelekwa mji wa Columbus kuchunguzwa. Kiti chenyewe alipewa miaka miwili nyuma katika mji wa Buffalo, alikofikia kwanza kama mkimbizi, wakati risasi aliyotoka nayo kwenye vita vya milimani ilipomaliza kuua miguu yake. Alipomfuata binti yake Umuhoza huku Louisville, alikuja nacho pamoja na karatasi ya dhamana ya miaka mitatu. Kila Jumatano alikiendesha mwenyewe kutoka mtaani kwake Newburg, akapanda basi mpaka mtaa wa Beechmont kwenye maombi, ambako watu walimwita mzee na hawakuanza wimbo kabla hajafika.

Sasa aliyemwona ni Umuhoza tu. Naye alirudi kutoka kazini, kwenye ghala la Okolona, amechoka hata kusema.

"Papa, wa kampuni wakipiga, uzungumze nao weye mwenyewe," alikuwa amemwambia asubuhi. "Ku kazi hawatuache kushika telefone."

Simu ililia tena. Mwanamke wa kampuni alisema kitu kwa Kiingereza, ukaja mlio, halafu sauti ya mwanamke mwingine, kwa Kiswahili kilichonyooka.

"Habari za mchana, baba. Mimi ni mkalimani. Nitatafsiri kila kitakachosemwa."

Ruhimbika alifumba macho. Tangu juzi hakuna aliyemsalimia.

"Nzuri, mwanangu. Weye ni wa wapi?"

"Samahani, baba. Siruhusiwi kuzungumza ya kwangu."

Yule wa kampuni akasema maneno mengi, na mkalimani akafuata. "Kijisanduku kimekutwa na maji ndani. Anauliza, kiti kililowaje?"

"Ni mvua. Nilikuwa nangojea basi, ikachelewa sana. Pale hakuna hata paa. Bon, basi nikarudia ku nyumba, kiti ikazimika mu mlango."

Mkalimani hakutafsiri mara moja.

"Baba," alisema polepole, "nirudie swali, nihakikishe nimekusikia vizuri. Kiti kililowa ndani ya nyumba, pengine bomba lilivuja, au kililowa nje?"

Ruhimbika aliisikia ile sauti ilivyokaza neno *bomba*, na akaelewa. Mwanamke wa kampuni alikuwa akigonga kitu mezani, akingoja. Lakini yeye alikuwa mzee wa kanisa. Ni watu wangapi aliowasimamisha mbele ya wenzao wakiri kweli?

"Ni inje, mwanangu," alisema. "Mvua inanyeshaka inje."

Mkalimani alivuta pumzi, akatafsiri.

"Anasema kiti kilitolewa kwa matumizi ya ndani. Imeandikwa ukurasa wa kumi na nne. Maji ya nje hayamo kwenye dhamana. Kijisanduku kipya utanunua mwenyewe." Mwanamke wa kampuni akasema tena. "Anauliza pia, kwa ajili ya faili: ulikuwa unafanya nini nje?"

"Nilikuwa naenda ku maombi." Aliangalia kitanda, jiko, ukuta aliouchafua kwa viganja. "Umuulize na mimi. Nyumba yangu ni chumba moja na jikoni. Ile moteri yote walinipa, ni ya kunifikisha wapi?"

Jibu lilikuwa fupi. "Anasema yeye hakuandika masharti. Anauliza kama una swali lingine."

"Niko na moja. Weye, mwanangu, unaitwa nani?"

Hilo halikutafsiriwa. Alisikia mtu akipumua karibu sana na sikio lake. Kisha laini ikakatika.

Ijumaa mlango uligongwa. Dirishani Ruhimbika aliona gari la kampuni na fundi mwenye mvi akishusha boksi dogo. Wamebadilisha mawazo, aliwaza. Alivaa koti lake la kanisani kabla ya kufungua.

Fundi alipiga magoti mbele ya kiti, akafungua skrubu mbili, akatoa taa ndogo ya mbele iliyokuwa na ufa, akaweka mpya. Akaanza kukusanya vifaa vyake. Ruhimbika akamwonyesha tundu la mkononi na nyaya zake. Fundi akatikisa kichwa, akasema kitu kwenye simu yake, na simu ikasoma kwa Kiswahili kisicho na mtu ndani:

"Taa imo katika dhamana. Taa ni bure."

Akampa karatasi. Ruhimbika akatia saini palipoonyeshwa kwa kidole. Fundi akabonyeza swichi ya taa, akatabasamu, akainua dole gumba, akatoka na kuurudisha mlango taratibu kama mtu anayemwacha mgonjwa usingizini.

Taa ilikuwa kali kweli. Ilimulika mlango uliofungwa, kitasa kikang'aa, na mzee akabaki ameinuka nusu, amejishikilia ukutani, koti lake limefungwa vifungo vyote.