Jina la Mama Mkwe

Béatha alikuwa amemjifunza mumewe kama mtoto anavyojifunza katekisimu. Alijua Lambert huanza kunyoa shavu la kushoto, alijua hulala upande wa ukutani, alijua hawezi kumeza bamia hata ukimshikia panga. Na Lambert naye alikuwa ameulizwa na kuulizwa tena mezani, kule kwao mtaani Gikondo nyuma ya karakana, mpaka akachoka. "Béatha, miye nimekuoa mwaka wa tatu sasa. Huu ni mtihani gani?"

"Ni mtihani," alimjibu. "Na ukianguka, wewe utapanda ndege, mimi nitabaki."

Hapo hapakuwa na mzaha. Mkataba wa Lambert ulikuwa umekwisha, na kibali chake cha kukaa Rwanda kilikuwa mbioni kwisha. Yeye ni Mbelgiji aliyekulia Bukavu, na kazi mpya aliyoipata, ya kutengeneza mabasi, ilikuwa katika nchi nyingine ya Ulaya, si kwao. Nchi yenyewe siitaji. Sitaki kesi na mtu. Tuseme ukweli, sheria yao ilikuwa nzuri: raia wa nchi moja ya jumuiya yao akienda kufanya kazi nchi nyingine, mkewe anafuatana naye, awe ametoka Roma au Ruhengeri. Viza ni haki yake, tena bure. Lakini hata sheria nzuri ina mlango, na mlangoni kuna mtu amekaa. Mtu huyo akisema ndoa yenu ni ya uongo, kwisha habari.

Na mjini hali ilikuwa imechafuka. Asubuhi ile ya kwenda kuhojiwa ubalozini, kwenye kizuizi cha barabarani mtaani Gitega, vijana walikishika kitambulisho cha Béatha muda mrefu kuliko vya wengine wote. Wakasoma pale palipoandikwa kabila, wakamtazama usoni, wakasoma tena. Lambert hakuondoa mikono kwenye usukani. Mama yake Béatha, akiwa kiti cha nyuma, alisali rozari kwa sauti mpaka wakaachiwa. Mama huyo aling'ang'ania kuja. "Binti yangu aulizwe habari za ndoa, mimi niliyepokea ng'ombe nikae nyumbani? Thubutu!"

Basi, kufika ubalozini, mama akaachwa kwenye benchi la ukumbini, Lambert akaingizwa chumba hiki, Béatha chumba kile.

Aliyemuuliza Béatha alikuwa mama wa Kizungu mwenye miwani shingoni, aliyewahi kufanya kazi Dodoma. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha mwalimu. Hakutabasamu hata mara moja.

"Mumeo anapenda kula nini?"

"Viazi, madamu. Na isombe, yaani kisamvu, akikipata. Bamia hapana."

"Analala upande gani?"

"Wa ukutani."

Yalikwenda vizuri. Béatha alianza kupumua. Yule mama akageuza karatasi.

"Baba wa mumeo anaitwa nani?"

Béatha aliutazama mlango, huko nje alikokaa mama yake.

Kwao, mke hamtaji mkwe wake kwa jina, wala mume hamtaji wake. Hamtaji akiwa hai, hamtaji akiwa kaburini, na Uzungu si kisingizio. Utasema Databukwe kwa baba, Mabukwe kwa mama, basi, umemaliza. Lambert alilijua hilo kwa kuchapwa nalo. Siku chache baada ya harusi, kwa uchangamfu wake, alimwita mama mkwe wake kwa jina mezani, mbele ya wageni. Loo! Mama aliweka sahani chini, akajifunga kitenge chake, akarudi kwake mtaa wa Nyakabanda kwa miguu. Hakukanyaga tena kwao mpaka Lambert alipompelekea pombe ya ndizi na kuomba radhi amepiga magoti. Tangu siku hiyo jina lile halikutoka kinywani mwake. Ndiyo maana, katika kuulizana kwao kote, hapo hawakugusa. Nani angeuliza? Nani angejibu?

"Hulijui?" yule mama wa viza aliuliza.

"Ninalijua, madamu."

"Basi sema."

Béatha aliwaona wale vijana wa kizuizini. Aliona kitambulisho chake mikononi mwao, na kiti cha Lambert garini kikiwa kitupu pembeni yake. Databukwe ni marehemu, alijiambia, alikuwa mtu mwema, atanisamehe.

"Odilon," alisema, na mashavu yakamwaka moto. Aliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Yule mama aliandika, akatoka, akaenda chumba cha pili. Alikaa huko. Aliporudi alikuwa ameshavaa miwani.

"Mumeo hajui jina la mama yako."

"Ati?"

"Nimemuuliza mara kadhaa. Ananyamaza tu. Miaka mitatu ya ndoa, na mama yuko hapa hapa mjini. Bibi, mimi nimeona watu wengi wakikaririshana rangi ya mswaki. Familia ndiyo huwa wanaisahau." Akafunga faili. "Samahani."

Béatha alitaka kucheka, akataka kulia, akataka kumvunjia mtu kiti kichwani, na mtu huyo ni Lambert. Mjinga wewe! Mimi nimekula aibu kwa ajili yako, wewe ndiyo kwanza unajifanya mkwe mwema! Alisimama, akafungua mlango kabla hajazuiwa.

"Mama! Njoo! Haraka!"

"Hairuhusiwi," alisema yule mama wa viza, lakini nani wa kumzuia? Mama alishaingia, rozari mkononi, na kelele zikamtoa Lambert naye chumbani kwake. Alipomwona mama mkwe wake aliinamisha kichwa na kusogea ukutani kumpisha, kama afanyavyo siku zote.

Mama wa viza akamtazama Lambert. "Huyu ni nani?"

"Mabukwe. Mama wa Béatha, bibi yangu."

"Jina lake?"

Lambert aligeuka mwekundu mpaka masikioni. "Siwezi."

"Unajua mkeo atakosa viza?"

"Najua." Alizidi kujibana ukutani. "Madamu, niulize ingine yote. Hii siwezi, na yeye amesimama pale."

"Lambert, sema!" Béatha alipiga kelele. "Mbona mimi nimemtaja Databukwe?"

Polepole mama aligeuka.

"Umefanya nini?"

Béatha akajiziba mdomo. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Umemtaja baba mkwe wako? Kwa jina? Mbele ya watu?"

"Mama, nimeulizwa..."

"Umeulizwa! Mzungu wa watu huyu kakataa, mtoto wa kunyonya ziwa langu kasema! Ng'ombe wale nilipokea wa nini? Nitamwambia nini shangazi yako?" Alisema mengi, mengine kwa Kinyarwanda ambacho siwezi kukileta hapa, na alipofika kwenye malezi ya Béatha tangu utotoni machozi yalikuwa yakimtoka. Lambert alijitia kati kumtetea mkewe. Mama akamwambia anyamaze, mkwe haingilii. Akanyamaza papo hapo.

Mama wa viza alikuwa amevua miwani. Aliwatazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile pembe za mdomo wake zililegea.

"Mama," alisema, "huyu ni mkwe wako kweli?"

"Kama si mkwe wangu, angenionea haya hivi?" Mama alijipangusa. "Andika. Mimi ni Nyirarukundo. Yeye hawezi kusema, nimesema mimi."

Faili ikafunguliwa tena. Mhuri ukagonga. Béatha alikaa chini.

Waliondoka mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na nne. Viza ilikuwa ya mke tu. Mama mkwe, kwa kuwa hakuwa akiwategemea, hakuwa na sheria ya kumbeba, na mwenyewe alisema hataki baridi, kuku wake atamwachia nani. Aliwasindikiza uwanja wa ndege wa Kanombe mpaka pale wasiosafiri wanaposimamishwa. Béatha alikuwa amemshika mkono, hataki kuuachia.

Mama alimgeukia Lambert. "Sasa litaje."

"Mabukwe?"

"Jina langu. Litaje."

Lambert alitikisa kichwa. Alidhani anajaribiwa.

"Nimekuruhusu mwenyewe. Huko mnakokwenda hakuna anayenijua. Binti yangu ataniita Mama, wewe utaniita Mabukwe, na watoto wenu watajuaje kwamba nilikuwa na jina?"

Lambert alimtazama mkewe, kisha akatazama viatu vyake. "Nyirarukundo," alisema kwa sauti ya chini.

Mama alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande. "Unalitamka vibaya. Rudia."

Alirudia. Mama akamrekebisha, naye akarudia tena, mpaka ndege yao ikaitwa na Béatha akalazimika kuutoa mkono wake.

Mwezi wa nne, mauaji yalipoanza, simu ya Mama kule Nyakabanda ilikatika, na haikuunganishwa tena. Lambert analitaja jina lile mezani kila jioni, kabla ya kula. Siku hizi halikosei hata kidogo.