Pua ya Mpimaji

"Yananuka kitunguu. Rudisha," alisema Jeruto, mpimaji wa maziwa, akauchora mkebe msalaba kwa chaki nyekundu.

Nelima, mwanamke wa mtaa wa Langas mwenye ng'ombe mmoja, hakusogea. Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Katika ushirika wao, ukirudishiwa maziwa mara tatu jina lako linafutwa, na huo ulikuwa mwaka wa 1984, mwaka wa ukame.

"Kitunguu ng'ombe atatoa wapi, Mama? Mimi mwenyewe sina ya kupikia mboga."

Foleni ikacheka. Jeruto hakucheka. Hakuwa amenusa chochote.

Homa ilimshika wiki tatu nyuma, ikaondoka na pua yake. Chuoni alifundishwa kwamba harufu ni chembe ndogo zinazoruka kutoka kwenye maziwa, zikapanda hadi kwenye ngozi nyevu juu kabisa ndani ya pua, na mishipa ya hapo ikapeleka habari kwenye ubongo. Mishipa yake ilikuwa kimya. Hata chai siku hizi ilikuwa sukari na moto tu. Lakini mpimaji asiye na pua ataajiriwa na nani? Akanyamaza. Kila asubuhi aliinamia mikebe, akavuta pumzi, kisha akatazama miguu ya mwenye maziwa. Viatu vya gambuti, yapite. Miguu mitupu yenye matope, yarudi.

Hilo hakufundishwa chuoni.

Nelima akafungua mkebe wa Mzee Kimeli, aliyepimiwa kabla yake, akamletea Jeruto kifuniko puani. "Na hii je?"

Jeruto akavuta. "Hayo nimeshapitisha. Ni safi."

Watu wakarudi nyuma wakiziba pua. Mzee Kimeli akainamia gambuti zake. "Haki, hiyo imeharibika. Nilishangaa ukiipitisha, nikanyamaza."

"Sasa, Mama," Nelima aliuliza polepole, "ni maziwa yangu inanuka, ama ni mimi?"

Masikio ya Jeruto yakawaka moto. Angeweza kusingizia mafua ya leo. Uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Sinusi kitu tangu nilipougua," alisema. "Maziwa yako sikuyapima. Nilikupima wewe."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nelima akachukua kitambaa, akaufuta ule msalaba mwenyewe.

"Na zile mara mbili za kwanza ufute kwa kitabu cha ushirika."

Jeruto akazifuta. Kisha akavua koti lake jeupe, akaenda kwa meneja kujisema mwenyewe, kabla watu wa foleni hawajamfikishia habari.