Komeo la Mlango wa Dorah

Jioni ile jumuiya ilikuwa inasali kwa Dorah, pale Mwakitolyo. Walimwombea Mageni, kikongwe mwenye macho mekundu ambaye wote walimwita Mayu, yaani mama. Duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa limebomoka na kufukia vijana wa kijiji, na mganga akamtaja yeye kuwa ndiye aliyeloga.

Dorah ndiye aliyeongoza sala. Kwa imani, hakuna aliyemfikia.

"Bwana, mzungushie malaika zako," alisema. Wakaitikia, amina.

Mlango ukagongwa.

"Hodi, Dorah. Ni mimi, Mageni. Wamekuja kwangu na mapanga. Nifiche, mwanangu."

Dorah akageukia mlango. Jirani yake, Ritha, akamdaka mkono. "Usifungue, Mama Mwigulu! Wakimkuta humu watatuchoma sote. Tuendelee kumwombea."

Dorah akaanza Salamu Maria, akaiachia katikati. Nje, kucha zilikwaruza ubao taratibu, kama za mtu anayeogopa hata kusikika. Filimbi za waliokuwa wakimsaka zikalia upande wa kisimani. Mwanawe, Mwigulu, alikuwa amelala chumbani. Ndipo Dorah alipoona kwamba anamsihi Mungu afungue mlango ambao komeo lake liko mkononi mwake mwenyewe.

Akanyanyuka. Ritha na wenzake wakatoka kwa mlango wa uani, mmoja baada ya mwingine, bila kuaga.

Dorah akafungua. Mageni akaangukia ndani, na komeo likarudishwa palepale vishindo vilipofika.

"Mama Mwigulu! Umemwona yule mchawi?"

Aliijua sauti. Ni Gregory, kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha mafundisho ya kipaimara.

"Yumo humu, Gregory. Na mimi nimo, na mwanangu yumo."

Panga likatua mlangoni. Likatua tena, ubao ukapasuka, makali yakaonekana. Kisha wakanong'onezana nje, na Gregory akasema kwa hasira, "Tutarudi."

Dorah na Mageni walikaa chini wakiegemea mlango ule uliopasuka, wakishikana kila mbwa alipobweka.

"Mlikuwa mnaniombea?" Mageni aliuliza.

"Ndiyo, Mayu."

"Niliwasikia. Nilisimama pale nje nikawasikia mpaka amina."



Kulipopambazuka polisi walikuja wakamchukua Mageni, wakampeleka kwa binti yake Kahama. Gregory alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, akiitazama nyumba. Dorah akamshika Mwigulu mkono, akaingia ndani kutafuta misumari.