Kopo Lililofungwa kwa Mkono

Asubuhi ya Jumatatu fundi wa mashati alimaliza tundu la kifungo cha kumi na moja kabla chai haijapoa. Vidole vyake, vilivyokuwa vimepinda kama tangawizi kwa miaka saba, vilinyooka vikatii. Baridi yabisi ilikuwa imehama.

"Dawa imekukubali, mama," alisema mkwewe, amesimama mlangoni na kitambaa cha kichwa mkononi.

"Imenikubali. Manjano, tangawizi na sijui jani gani, vidonge viwili kila siku. Mbona hujifungi kitambaa? Utachelewa kazini."

"Gumba la kushoto halishiki. Leo mvua itanyesha saa tano."

Fundi aliinua uso. Gumba la kushoto lenye kutabiri mvua lilikuwa lake, alilijua kama anavyoujua mkasi wake. Alimfunga mkwewe kitambaa, akarudi kwenye shati. Saa tano mvua ilinyesha.

Mkwewe alifanya kazi nyuma ya duka la dawa za asili. Wanawake sita walizunguka meza moja, wakijaza unga kwenye vidonge, vidonge kwenye makopo, kisha wakikaza vifuniko. Glovu zilikatazwa. Mwenye duka alisema mpira unaua uasili, na kila kopo lilibandikwa karatasi ya kijani: limefungwa kwa mkono. Basi maumivu yalipomtoka mteja yaliirudia njia iliyoleta dawa, mpaka kwenye mkono uliolifunga kopo. Wote sita walilijua hilo, kama watu wanavyojua kwamba bomba la kazini linavuja.

"Goti hili mwenyewe anakaa ghorofani," alisema aliyekuwa karibu na dirisha. "Likiona ngazi linaanza kulia kabla yangu."

"Bora wewe. Mimi nimeletewa kiuno cha mtu anayelala kwenye sofa. Sijui kamkosea nini mkewe."

"Na wewe, mkwe wa fundi?"

"Vidole nilivyoletewa namjua mwenyewe," alijibu. "Kopo la mama nililifunga mimi. Niliogopa wengine wangelifunga ovyo."

Wenzake wakaendelea kukaza vifuniko.

Jioni hiyo fundi alilisukuma kopo mpaka mwisho wa meza. "Naacha. Siwezi kutembea na mikono ya mtoto wa watu."

"Mashati ya watu je?"

"Yatangoja."

Yalingoja siku mbili. Vidole vilijikunja tena, sindano ikaanguka mara tisa, na mwenye mashati akatuma mtu kuuliza. Siku ya tatu fundi aliingia jikoni, akafungua bomba ili maji yapige kelele, akameza viwili. Kule dukani gumba la mkwewe likamwambia.

Mkwe aliporudi alimsalimia mama mkwe wake kama kawaida, na mama akaitikia. Chakula cha usiku huo kilikosa chumvi, wakakila hivyo hivyo.

Mwezi haukuisha mkwe akashindwa kuzungusha kifuniko. Mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Alimshukuru mbele ya wenzake, akauliza kama nyumbani kuna mwenye vidole vizima. Alikuwepo Kitinda, binti wa mwisho wa fundi, aliyekuwa akitafuta kazi tangu amalize shule. Alianza Alhamisi. Kopo la kwanza alilolifunga, mwenye duka alimpa ampelekee wifi yake, la kumuaga.

"Nimelikaza sana, wifi," alisema Kitinda. "Nisije nikaambiwa mvivu siku ya kwanza."

Kesho yake, Kitinda akiwa kazini, mkwe alikaa na kopo mapajani. Alijaribu kwa kiganja, kwa meno, kwa pindo la kanga. Fundi alimtazama muda mrefu. La kwake lilikuwa limeisha tangu juzi, na vidole vilikuwa vimeanza kunong'ona.

"Lete, mwanangu."

Kifuniko kiligoma kwanza, kisha kikalia tak. Fundi alimwekea mkwewe viwili kiganjani, akajiwekea viwili.

"Tumeze kabla hajarudi," alisema.

Wakawa wanafanya hivyo kila siku. Siku ya nne mkwe alijifunga kitambaa mwenyewe, na fundi akamaliza mashati yote, akayafua, akayaanika uani.

Jua lilikuwa kali. Walisikia Kitinda akifika mlangoni. Kitasa kilizunguka nusu, kikarudi. Mara ya pili alikishika kwa mikono miwili.

"Mvua inakuja," alisema alipoingia.

Fundi hakutazama nje. Aliinuka, akaenda kuanua mashati.