Nyundo ya Nzioka

Mume wangu Nzioka alilinda msitu wa Mbooni miaka ishirini na sita. Kila gogo alilolikagua alilipiga nyundo ya serikali yenye alama. Lenye alama ni la serikali, basi, na usibishane.

Mwaka wa sabini na nne, udongo ukiwa mkavu kama tofali, alibuni keekee kubwa ya kuchimba mashimo ya miche. Kwenye mafunzo alikuwa amesikia habari za bwana misitu wa Bohemia, wa zamani sana, aliyebuni rafadha ya kusukuma meli, kisha wengine wakajichukulia sifa. Aliniapia kwamba yeye hatachukuliwa yake. Nikamwambia ale kwanza, chakula kinapoa.

Chuma alikunjiwa na fundi wa Tawa. Mpini wa mkaratusi aliuchonga mwenyewe.

Siku ya kuijaribu, sisi akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kazi za pamoja, tulichimba mashimo mia moja kabla ya saa sita. Kwa jembe tungefika thelathini, na migongo ingetuuma wiki nzima. Mkubwa wa Nzioka kazini, Mutie, akaja kuona. Alisifu, akauliza kifaa ni cha nani. Nzioka akasema ni chake. Mutie akaugeuza mpini.

"Na hii alama, mzee?"

Mume wangu aliipapasa kwa kidole gumba. Alipomaliza kuuchonga mpini aliukagua, akauona mzuri, na mkono ukafanya ulichozoea.

"Ni mazoea tu, bwana."

"Mali ya serikali ni ya serikali."

Barua ya kupeleka habari za keekee wizarani ikaandikwa kwa jina la Mutie, kana kwamba yeye ndiye aliyeibuni. Baada ya miaka miwili tuliikuta keekee kwenye maonyesho ya kilimo Kitui, jina la Mutie likiwa limebandikwa juu. Nzioka alipita tu. Mimi nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo.

Tangu hapo kila alichochonga, hata mwiko, alinipa nikiangalie kwanza. Hata alipostaafu na nyundo akairudisha, bado alinipa. Nilichoka, lakini niliangalia.

Alifariki mwaka wa tisini na moja. Ndolo seremala alileta jeneza, na ubao mmoja ulikuwa na alama ya nyundo ya serikali kwenye ncha. Nikamwomba aiondoe.

"Mama, hii mbao ni halali, nimelipia. Alama ndiyo inaonyesha."

"Najua," nikamwambia. "Nipe randa."

Niliparuza mwenyewe, wafiwa wakingoja.