Kuhe wa Posa

Wiki ya sita tangu ziwa lifungwe ili samaki wapumzike na kuzaana, Kigoma nzima ilikuwa imechoshwa na maharage. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani kuanzia Kibirizi mpaka Bangwe, nyavu zimekunjwa ndani, na sokoni Mwanga meza za samaki zilikuwa zinauzia nyanya. Watu walioapa miaka nenda rudi kwamba wamekinai dagaa, sasa walikuwa wanawaota usingizini. Katika msiba huo boti moja tu ndiyo iliyokuwa na kibali cha kwenda kuvua, boti ya Zubery wa Bangwe, na kila samaki aliyeingia katika boti hiyo alirudishwa majini akiwa mzima.

Wewe ungekuwa Bangwe ungefanyaje? Watu walikaa ufukweni wakatazama. Walimwona Zubery akizima injini karibu na miamba, wakamwona mtafiti aliyemkodi, Elinipa, akisimama na fimbo ndefu nyembamba na kuurusha mshipi mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka ndoana iliyovishwa manyoya ya jogoo ikatua juu ya maji polepole. Kisha fimbo inapinda, inaanza vuta nikuvute ya robo saa, na kuhe wa kilo nne anatolewa majini huku ufukwe mzima ukimeza mate. Elinipa anampima, anampiga picha, anambana kijibati cha namba kwenye pezi, anamshikilia ndani ya maji mpaka apate nguvu, halafu anamfungulia mikono. Siku moja mama wa makamo aliinuka, akakung'uta khanga yake, akaondoka kama mtu anayetoka mazikoni.

Elinipa alikuwa kijana wa Moshi, mpole, asiyepita mbele ya mtu mzima bila shikamoo. Uvuvi wa manyoya alifundishwa na babu yake kwenye vijito vya mlimani huko kwao. Kazi iliyomleta ilikuwa kujua kuhe na sangala wakubwa wanakwenda wapi ziwa likitulia, na alisema nyavu zinaua, lakini ndoana isiyo na kijino haiui. Zubery hayo yote aliyaelewa. Kilichomshinda kukielewa ni kwamba kijana huyu samaki hali. Harufu tu inamchefua. Alikuwa anapanda botini na chapati zake mbili na yai la kuchemsha, anakula huku amempa kuhe mgongo.

Zubery mwenyewe, baba yake Hasna, alikuwa mgane wa miaka hamsini na moja, na katika miaka thelathini ya uvuvi hakuwahi kupita Mwanga mikono mitupu. Sasa walimbatiza jina: Mzee Achia. "Mwakeye, Mzee Achia," vijana wa bodaboda walimwamkia kila asubuhi. "Leo umewaaga wangapi?" Alicheka nao kwa meno, moyoni amefura. Hata hivyo angeyavumilia yote, lisingekuwa suala la Shadya.

Shadya alikuwa mjane wa Ujiji, mkaanga samaki wa pale Mwanga. Miaka miwili mizima Zubery alikuwa anamchagulia samaki wazuri kuliko wote na kumpelekea mwenyewe mezani, na miaka miwili hiyo hiyo hakuthubutu kumwambia kitu zaidi ya bei. Kilichomtoa usingizini ni Abdul, muuza magodoro, aliyepeleka barua ya posa bila hata kukohoa kwanza. Zubery alipopata habari alihema, akaandika ya kwake usiku huo, akaipeleka asubuhi. Barua zote mbili zikakaa kwenye droo ya cherehani ya Mwinshehe, kaka mkubwa wa Shadya, ambaye ndiye aliyebaki kusimama mahali pa baba yao. Shadya alikwishamwambia kaka yake anayemtaka ni nani. Kaka mtu alijifanya hasikii kwa kelele za cherehani.

Jumatatu Mwinshehe alimwita Zubery dukani. Alikuwa fundi mzuri, mnene, mwenye kujipenda, na futi yake ilikuwa shingoni saa zote.

"Bwana Zubery, kwetu mvuvi haposi kwa karatasi," alisema. "Babu alileta samaki, baba alileta samaki. Mzima, hajakatwa, na mposaji awe amemvua kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye binti anamshika kichwa na mkia, anafunua mashavu kuona kama ni wa leo, ndipo anajibu. Nakusubiri Ijumaa baada ya swala."

"Ziwa limefungwa, fundi."

"Limefungwa kwa wengine. Wewe unavua kila siku, mji mzima unakuona."

"Tunawaachia."

"Basi mmoja msimwachie," alisema Mwinshehe, na sauti ikamlainika ghafla. "Kuhe. Tena awe wa kujaa sufuria."

"Na Abdul ataleta nini?"

"Abdul si mvuvi. Yeye godoro linatosha."

Zubery alitoka pale akipiga hesabu. Akimleta samaki nchi kavu, boti itataifishwa, kibali kitafutwa, na Elinipa, kijana wa watu asiye na kosa, atafukuzwa kazi. Asipomleta, Shadya atakwenda kulala kwenye magodoro ya Abdul. Na hapo hatujasema kwamba aliweka sahihi kwenye kibali na kumpa Elinipa neno lake kwa mdomo. Zubery alikuwa na makosa mengi, lakini neno lake hakuwahi kulirudisha tumboni.

Aliyemtoa kwenye tanzi hilo ni Shadya mwenyewe. Jumanne Zubery alimpitia sokoni, akamkuta anakaanga chipsi kwa hasira, akamweleza yote. Shadya aligeuza chipsi, akafikiri, akafunika kikaango.

"Baba Hasna, babu alisema samaki ashikwe," alisema. "Aliwahi kusema ashikwe nchi kavu?"

"Sijui babu yenu alisema nini."

"Mimi najua. Hakusema. Kamwambie kaka ajiandae kupanda boti, na mimi nitakuwepo."

Hapa lazima niwaambie siri ya Mwinshehe. Mtu huyu alizaliwa Ujiji, hatua mia mbili kutoka majini, na hakuwahi kukanyaga hata mtumbwi uliofungwa kamba. Maji aliyapenda yakiwa kwenye birika. Lakini mila aliitaja yeye, mbele ya mashahidi watatu na mteja mmoja aliyekuwa anapimwa suruali, na dada yake akamkumbusha kwa adabu ambayo haikumwachia mlango wa kutokea.

Elinipa naye alikubali, kwa masharti. Kila mtu avae jaketi la kujiokolea. Samaki asikae nje ya maji zaidi ya nusu dakika. Na atarudi ziwani, hata aje mkuu wa ukoo gani. Fundi aliahidi yote matatu.

"Na kitu kingine, mzee," aliongeza. "Kama lazima umvue kwa mkono wako, basi fimbo ni yako. Mimi sigusi."

Zubery alikuwa ameicheka fimbo ile wiki sita. Aliiita ufito wa kuchungia kuku. Jumatano na Alhamisi aliishika kwa mara ya kwanza, na ilimfundisha adabu. Mtupo wa kwanza alinasa shati lake, wa pili akanasa mti, wa tatu akajifunga mshipi miguuni mpaka Elinipa akaukata kwa mkasi. Kufikia Alhamisi jioni manyoya yalikuwa yanatua majini mara moja katika nne. Elinipa alimwambia inatosha, kwa sauti ya daktari anayeongea na ndugu wa mgonjwa.

Ijumaa baada ya swala walipanda wanne. Mwinshehe alivaa kanzu yake ya Idi, na juu ya kanzu jaketi la rangi ya machungwa lililogoma kufungika mbele. Alikaa katikati kabisa ya boti, ameshika ubao kwa mikono miwili, midomo inacheza. Ufukwe wa Bangwe ulifurika watu kwa sababu habari hazikufichwa. Shadya alikaa mbele, ameufunga mtandio vizuri, anatazama maji kama mtu aliyekwenda sokoni akakuta meza zimejaa tena.

Walisimama kwenye miamba. Maji ya pale siku ya utulivu ni maangavu, unahesabu mawe ya chini. Zubery aliinuka na fimbo, akapiga bismillahi, akarusha. Ndoana ilikwenda nyuma, ikatulia kidogo, na iliporudi mbele ilikuja na kofia ya Mwinshehe.

"Hiyo ni kofia yangu ya Idi," alisema Mwinshehe bila kuachia ubao.

"Samahani, fundi."

"Sikuja kuposewa dada kwa kofia yangu mwenyewe."

Shadya aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika. Zubery aliona, na badala ya kuona haya akapata nguvu. Alirusha tena. Mara ya saba manyoya yalitua pembeni mwa jiwe kubwa, akayavuta kidogo kidogo alivyofundishwa, na kitu kikayakamata kwa nguvu kiasi kwamba Zubery nusura apige magoti.

Samaki alikimbilia kina. Mshipi ulilia. Zubery, ambaye maisha yake yote alivuta wavu kwa mabega, alitaka kuvuta kwa mabega, na Elinipa akawa anamwambia taratibu mzee, mpe, mpe, sasa rudisha, mpe tena. Walikwenda hivyo dakika kumi na mbili. Jasho lilimwingia machoni, na hakuwahi kumwogopa samaki mmoja namna ile. Miaka thelathini alikuwa amewavua kwa mamia bila kumjua hata mmoja wao. Huyu alikuwa anamjua, na alikuwa anamwomba.

Elinipa alimkinga kwa wavu wa mkono. Kuhe. Wa manjano, mnene, mrefu kama mkono mzima wa mtu mzima.

"Lowanisha mikono kwanza, mzee wangu," Elinipa alimwambia Mwinshehe. Fundi aliachia ubao. Alinawa mpaka viwiko kama anayetia udhu, akampokea kuhe kichwa na mkia, akafunua shavu, akatazama uwekundu wa ndani. Mila ilitimia. Halafu, badala ya kumrudisha, alimkumbatia kifuani juu ya jaketi.

"Sekunde kumi," alisema Elinipa.

"Wiki sita," alisema Mwinshehe, macho yamejaa machozi ya kweli. "Wiki sita maharage. Mnajua huyu akiingia kwenye mawese, na pilipili, na ugali wa muhogo pembeni?"

"Sekunde kumi na tano, mzee. Tafadhali."

"Fundi, umeniahidi," Zubery alisema. "Nami nimemwahidi huyu kijana."

"Nusu yake tu. Mkia."

Ndipo Shadya alipoita kutoka mbele, si kwa sauti kubwa. "Kaka. Tazama chini."

Walitazama wote. Chini ya boti alikuwepo kuhe mwingine, mkubwa kama wa kwanza, anazunguka. Anakwenda kwenye jiwe, anarudi chini ya boti, anakwenda kwenye jiwe. Na pembeni mwa jiwe maji yalikuwa na kama wingu la vumbi, na vumbi lile lilikuwa linaogelea.

Elinipa alishika kichwa. "Tumekosea. Hawa wana watoto. Kuhe hulea wawili, mume na mke, wanakesha juu ya watoto bila hata kula. Ndiyo maana aliikamata ndoana, alikuwa anafukuza adui."

Kuhe wa chini alizunguka tena. Shadya alimwangalia muda mrefu, mwanamke aliyepasua samaki elfu ngapi kwa kisu chake bila kupepesa.

"Mimi nimelea watatu peke yangu, kaka," alisema. "Unajua nilivyolala. Mrudishie mwenzie."

Zubery alijifanya anashughulika na fimbo. Mwinshehe aliinama na kanzu yake ya Idi mpaka mikono ikaingia majini, mtu yule aliyeogopa hata rasharasha, akamshikilia kuhe wima kama alivyomwona Elinipa akifanya, siku zote alizokuwa anachungulia ufukweni na kumeza mate kama wengine. Samaki alipumua mara tatu, akapiga mkia, akaondoka. Wale wawili walikutana juu ya jiwe.

Njia yote ya kurudi Mwinshehe alikaa ameshika ubao, kofia imelowa, kanzu inanuka samaki. Jibu hakulitoa, na Zubery hakuthubutu kuliuliza. Alishika usukani akihesabu ubaya: kofia, kuhe kuondoka, fundi kurudi na njaa ile ile aliyokwenda nayo. Abdul alionekana ufukweni kwa mbali, amevaa suti.

Watu waliwazunguka kabla boti haijagusa mchanga.

"Samaki yuko wapi?" aliuliza kijana mmoja wa bodaboda.

"Ziwani," alijibu Mwinshehe.

Kicheko kilichopasuka hapo kilifika Buzebazeba. Fundi alisimama ndani ya boti, akanyoosha mikono miwili. "Alikuwa hivi," alisema. Wakacheka zaidi. Akaipanua. "Hivi. Nimemshika mwenyewe. Nimefunua mashavu."

"Na wewe umekuwa Achia, fundi?"

Mwinshehe alivimba. Maisha yake yote hakuwahi kuchekwa akiwa amevaa kanzu hiyo. Aliangalia huku na huku akitafuta mtu wa kumshuhudia, macho yakampita Elinipa, yakampita dada yake, yakamwangukia Zubery, ambaye alikwishashuka, ameshika kamba ya boti na hajui aifunge wapi.

"Kama hamniamini mimi," alisema, "muulizeni shemeji yangu huyu."

Kamba ilimtoka Zubery mkononi. Boti ilianza kurudi nyuma na fundi akiwa bado amesimama ndani, mikono imenyooka, anaita aokolewe, na Zubery hakusikia, kwa sababu alikuwa anamtazama Shadya.

Shadya aliruka akatua kwenye maji ya magotini, akaidaka kamba, akamwekea mkononi.

"Funga boti, Baba Hasna," alimwambia. "Kaka analia."