Kamba Aliyoikata Masese

Mume wangu Masese alisoma habari za mota za milango ya gereji kwa wiki sita. Wiki sita zilipokwisha, akachagua ile yenye taa za buluu.

Nina duka la vifaa vya ujenzi pale Masimba. Kwa miaka kumi na moja nimeuza bawaba, kufuli, nyaya na reli za milango, na mafundi kutoka Nyamache hadi Kenyenya huniuliza kabla ya kununua. Ni mtu mmoja tu ambaye hajawahi kuniuliza chochote, naye hulala kitanda kimoja na mimi. Yeye humuuliza Manasseh, rafiki yake wa ofisini mjini Kisii, ambaye hajawahi kushika bisibisi maishani mwake ila ana maoni kuhusu kila kitu.

Fundi wetu, Calvince Okeyo, alituletea mota mbili tuchague. Ya kwanza ilikuwa ya mnyororo, na ilinguruma kama kinu cha posho, lakini ilikuwa na betri ndani, kwa hiyo stima ikipotea mlango bado ungefunguka. Ya pili ilikuwa ya mkanda. Ilikuwa kimya, ina taa, inafunguliwa kwa simu hata ukiwa mbali, na betri haina.

"Hapa kwetu stima hupotea mawingu yakikunja uso tu," nikamwambia Masese. "Chukua yenye betri."

"Manasseh anasema mnyororo ni wa watu wa zamani," akajibu.

Calvince alinitazama, nami nikamtazama. Akafunga ya taa za buluu. Alipomaliza akatuonyesha kamba nyekundu iliyoning'inia kutoka kwenye reli, katikati ya dari. "Boss, hii kamba usicheze nayo. Stima ikienda, unavuta hii, mlango unaachana na mota, unainua na mkono tu."

Jioni ile ile Masese alichukua kisu changu cha jikoni na kuikata hadi juu kabisa. Alisema inaning'inia juu ya gari lake kama utumbo wa mbuzi, na kwamba mwizi anaweza kuivuta kwa waya kutoka nje. Mwizi! Gari lenyewe halitoki siku za matope, na sisi tunaishi nje kidogo ya Nyamache, ambako matope hukaa miezi minane. Mwizi angelipeleka wapi?

Lakini gereji ile ilikuwa na faida moja ambayo Masese hakuifikiria hata kidogo, nayo ni baba yake.

Mzee Onyancha ni Mgusii wa kushika mila. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ndiyo heshima, ndiyo chinsoni, na wengi siku hizi wameilegeza, lakini si yeye. Kwa miaka tisa amekuja kwetu na kusimama chini ya ukingo wa paa, mvua ikimlowesha bega moja, huku mimi nikimpa uji nikiwa nimenyoosha mkono kama mtu anayelisha ng'ombe mkali. Iliniuma kila mara. Gereji ilipojengwa, imeshikana na nyumba na mlango wake mpana unatazama barabara, mzee aliikagua kwa siku kadhaa. Mwishowe akasema, "Mlango ukiwa wazi, hapa ni nje." Nikamwekea kiti kando ya gari. Tangu siku hiyo baba mkwe wangu amekuwa na mahali pa kukaa kwa mwanawe.

Sasa sikia yaliyotokea Jumatano.

Saa nane mchana mzee alitakiwa ofisini Kenyenya, mbele ya kamati ya mipaka. Jirani yake Anyona alikuwa anadai mistari minne ya majani chai, ile ambayo mzee aliipanda na marehemu mkewe mwaka waliooana. Barua ilisema asiyefika, shauri litaamuliwa bila yeye. Masese alikuwa ameahidi kumpeleka kwa gari. Asubuhi akaangalia barabara, akaangalia gari, akaenda Kisii kwa pikipiki. "Nitarudi saa sita," akasema. Saa sita akapiga simu kusema mzee atafute pikipiki.

Mzee alikuwa tayari amefika, amevaa koti la kanisani na gumbuti za mpira, bahasha ya karatasi zake kwapani. Nilikuwa nimempigia mwenye pikipiki tunayemjua, naye alisema atafika saa saba. Mvua ikaja, na mvua ya kwetu haipigi hodi. Nikabonyeza kitufe ukutani, mlango ukapanda, mzee akaketi kwenye kiti chake. Mimi nikarudi jikoni kumtengenezea chai.

Nikiwa namimina maziwa, nikasikia mlango wa gereji unashuka. Halafu radi ikapiga na stima ikapotea.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Masese, na sauti yake ilijaa furaha. "Umeona? Nimefunga mlango nikiwa hapa hotelini na Manasseh! Nimeangalia kwa simu nikaona uko wazi, nikamwambia tazama."

"Baba yako yuko ndani," nikasema.

"Ndani ya nini?"

Mungu nisamehe kwa niliyoyafikiria.

Nikafungua mlango mdogo unaotoka jikoni kwenda gereji. Giza tupu, kwa maana Masese alikataa dirisha, eti jua lingeharibu rangi ya gari. Nikawasha tochi ya simu. Mzee alikuwa amesimama, ameupa mlango wangu mgongo na uso wake umekaribia kugusa ukuta.

"Mama Sheila, funga huo mlango."

"Tata," nikamwita, yaani baba kwetu, "pita hapa jikoni utokee mbele. Ni hatua kumi. Mimi nitatoka nje, hutaniona."

"Sijawahi kuona jikoni kwako, na leo sitaona."

"Hakuna mtu atakayejua, Tata."

"Mimi nitajua," akasema. "Mlango ule mkubwa umefungwa. Hata hapa niliposimama sasa ni ndani ya nyumba ya mwanangu, nami sikuingia, nimeingizwa. Usiniongezee."

Nilitaka kumwambia kwamba mistari minne ya chai inakwenda kwa Anyona kwa sababu ya jikoni penye masufuria matatu. Nilikuwa na maneno mdomoni kabisa. Lakini nilimwona jinsi alivyoikumbatia bahasha ile, mtu mzima wa miaka sabini na tatu ameelekezwa ukutani kama mtoto aliyekosea shuleni, na hakukosea yeye. Nikayameza. Nikaurudisha mlango, nikaacha upenyo mdogo wa kusemea.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Pikipiki ingefika saa saba, na hadi Kenyenya kwa matope yale ni dakika hamsini.

Nikampigia Masese. "Apitie tu jikoni," akasema. "Hayo mambo ya kizamani mwambie aache." Nyuma yake nikamsikia Manasseh akikubali.

Nikamkatia simu, nikampigia Calvince.

"Mama, ile kamba vuta tu," akasema.

"Aliikata."

Calvince akacheka, cheko fupi la mtu aliyechoka na wateja. "Sawa. Hapo juu, kamba ilikuwa imefungwa kwa kishikio kidogo cha chuma. Hicho bado kiko. Mtu akifika avute chini, ni hivyo tu. Lakini iko juu ya gari. Na vile hiyo gari imejaa hapo ndani, ngazi haitasimama."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtu apande gari, mama."

Nikasema nitapanda mimi. Mzee akanisikia kupitia upenyo na akapaza sauti: "Wewe? Mke wa mwanangu, umesimama juu ya kichwa changu na sketi? Mama Sheila!" Alikuwa sawa, jambo hilo lingekuwa baya kuliko jikoni. Nikamweleza kishikio kilipo. Nikasukuma simu yangu sakafuni, tochi ikitazama dari.

"Nitaharibu gari la watu," akasema.

"Ni la mwanao."

"Basi nivue gumbuti kwanza."

"Usivue, Tata. Utateleza." Sikuwa na wasiwasi wowote wa kuteleza. Nilitaka gumbuti.

Simu ikalia pale sakafuni. Ni Masese. Mzee aliyeishi miaka yote bila kugusa simu ya mtu aliinama akaipokea, na mimi nikasikia sauti ya mume wangu ikitoka, nyembamba na kali: "Nyanchera, Calvince ameniambia! Asipande gari! Rangi itakwaruzika! Mwambie huyo mzee asipande gari yangu!"

Mzee akairudisha simu chini taratibu, mwanga ukitazama juu. Kisha nikasikia boneti ikilia, halafu kioo cha mbele, halafu paa likabonyea kwa mshindo mzito. Mara ya pili. Chuma kikasema kwa! na mzee akaita, "Imeachia!"

Nikatoka mbio kwa mlango wa mbele, nikazunguka kwenye mvua, nikatia vidole chini ya mlango mkubwa. Yeye akainua kutoka ndani, mimi nje. Ukapanda kwa urahisi kabisa. Mzee akatoka bila kunitazama, akashika bahasha ndani ya koti, akapanda pikipiki iliyokuwa imefika wakati huo huo. Ilikuwa saa saba na dakika tatu.

Saa kumi Masese alifika. Hakuuliza baba yake alifika Kenyenya au hakufika. Alisimama mbele ya gari akiangalia nyayo za matope zilizopanda kwenye boneti kama ngazi, na paa lililobonyea mahali pawili.

"Sasa Manasseh akiona hii nitamwambia nini?" akasema.

"Mwambie umekanyagwa na baba yako," nikamjibu.

Stima ilikuwa imerudi. Akatoa simu akabonyeza afunge mlango, asije mtu akaliona gari lake. Taa za buluu zikawaka. Mkanda ukakimbia kimya kimya hadi mwisho wa reli, ukarudi, ukakimbia tena. Mlango haukusogea hata kidogo, maana ulikuwa umeachana na mota na mimi sikuwa nimeurudisha. Kishikio ni kidogo, unahitaji kujua pa kukisukuma. Mimi najua. Yeye hakuniuliza.

Saa kumi na moja mzee akarudi kwa miguu kutoka barabarani. Alisimama chini ya ukingo wa paa, pale pale pa zamani, manyunyu yakimwangukia bega. Masese alikuwa ndani ya gereji akibonyeza.

"Mistari imebaki kwetu," mzee akaniambia. "Anyona alishangaa kuniona."

"Karibu kiti, Tata."

Hakusogea. Aliutazama ule mlango, kisha akamtazama mwanawe na simu yake.

"Unafungika?"

"Haufungiki, Tata."

"Hata yeye akitaka?"

"Hata yeye akitaka."

Mzee akajipangusa matope kwenye nyasi, akaingia, akaketi kwenye kiti chake kando ya gari. Nikaenda kumletea chai. Masese alikuwa bado anabonyeza, na taa zikawa zinawaka na kuzima juu ya vichwa vyao wote wawili.